Shajara ya mradi: kuhamisha mfumo endeshi kutoka diski ya GB 128 hadi ya TB 1

Siku ya 1

Leo asubuhi sasisho la kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, limekatika katikati kwa sababu diski imejaa kabisa, na kifurushi kikabaki nusu, hakijasakinishwa wala hakijaondolewa. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikifuta hiki na kile ili nipate nafasi, na kila mara nafasi hiyo imemezwa kabla ya wiki kwisha. Nimeamua kuacha kufuta. Nitauhamisha mfumo wote jinsi ulivyo, pamoja na mipangilio yake ya miaka mingi, hadi kwenye diski kubwa. Najua kwamba kusakinisha upya kungekuwa kazi ya saa moja tu, lakini saa hiyo ingefuatwa na majuma ya kugundua, kimoja baada ya kingine, vitu vidogo ambavyo niliwahi kuvirekebisha na sikumbuki tena nilivirekebisha vipi.

Hali ilivyo sasa ni hii. Kompyuta ni mpakato inayoanza kwa UEFI (programu ya ubao mama inayouanzisha mfumo), mfumo ni Debian 12, na diski ya ndani ni SSD ya SATA ya inchi 2.5 yenye GB 128. Diski mpya ni ya umbo hilohilo na kiunganishi hichohicho, ila ina TB 1, kwa hiyo sina wasiwasi wa draiva wala wa kutoshea. Amri ya lsblk, inayoorodhesha diski, huionyesha diski ya zamani kuwa na 119.2 na mpya kuwa na 931.5, jambo ambalo humfanya mtu adhani amepunjwa. Tofauti hiyo hutokana na hesabu tu, kwani watengenezaji huhesabu gigabaiti kwa vipeo vya 1,000 ilhali lsblk huhesabu kwa vipeo vya 1,024. Ninachokiandika hapa kwa uangalifu ni idadi kamili ya baiti za diski ya zamani, yaani 128,035,676,160, kwa sababu nitaihitaji wakati wa kulinganisha nakala.

Diski ya zamani ina patisheni tatu, yaani sehemu tatu zilizogawanywa, kwa mpangilio huu: ya kwanza ni ya EFI, yenye programu ya kuanzishia, ya FAT32, yenye MB 512; ya pili ni ya mfumo wenyewe, ya ext4 (aina ya mfumo wa mafaili wa Linux); ya tatu ni ya swapu, yaani nafasi ya kuisaidia RAM, GB 8, mwishoni kabisa. Nimeutazama mpangilio huo kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote leo. Nikinakili diski nzima, nafasi mpya yote itatokea baada ya swapu, wakati patisheni inayohitaji kukua iko kabla yake, na patisheni haiwezi kuiruka jirani yake ili kuifikia nafasi iliyo ng'ambo. Swapu itabidi iondoke njiani.

Kabla ya kunakili chochote nimefanya mambo matatu. Kwanza nimeupima uzima wa diski ya zamani kwa smartctl, nikaangalia hasa idadi ya sekta zilizohamishwa na idadi ya zile zinazosubiri kuhamishwa. Zote mbili ni sifuri. Kama ingekuwepo hata sekta moja inayosubiri, ningeachana na dd, amri ya kunakili diski nzima, na kutumia ddrescue, ambayo huokoa kwanza sehemu zinazosomeka na kuzirudia zenye kasoro baadaye. Pili, nimekimaliza kile kifurushi kilichokwama: nimesafisha hifadhi ya vifurushi vilivyopakuliwa, nimeondoa kerneli mbili za zamani, kisha nikaiacha dpkg, programu inayosakinisha vifurushi, imalizie mipangilio iliyobaki. Nakala ya mfumo uliovunjika ni mfumo uliovunjika, nao ni vigumu zaidi kuutengeneza kwa sababu huwezi kujua kama kosa lilikuwepo tangu awali au limeletwa na uhamisho. Tatu, nimenakili mafaili yangu yote kwa rsync kwenda diski ya nje ambayo haihusiki na mradi huu, kisha nikayarudisha mafaili matatu niliyoyachagua bila mpango na kuyafungua. Yamefunguka.

Siku ya 2

Nimetumia sehemu kubwa ya asubuhi kuchagua njia ya kunakili. Njia ya kwanza ni kuunda patisheni mpya kwenye diski mpya na kuhamisha mafaili kwa rsync; ni njia safi, na ingeliondoa tatizo la swapu moja kwa moja, lakini inadai nikumbuke haki za mafaili, sifa zake za ziada, viungo vigumu na folda ambazo hazipaswi kunakiliwa. Ya pili ni Clonezilla, ambayo hunakili bloku zinazotumika tu na hivyo huenda kwa kasi. Ya tatu ni dd, ambayo haijui faili wala folda. Huchukua baiti kutoka ya kwanza hadi ya mwisho na kuziandika upande wa pili.

Nimechagua dd, na sababu yangu si urahisi. Ni kwamba nakala yake inaweza kuthibitishwa baiti kwa baiti bila kubakiza shaka yoyote. Kwa kuwa diski ya zamani imejaa, muda ambao Clonezilla ingeniokolea ni mdogo.

Hata hivyo dd haina huruma. Ukibadilishanisha chanzo na diski inayoandikiwa, itaiandika diski tupu juu ya diski yenye mfumo, bila kuuliza swali hata moja, na majina ya sda na sdb hayategemewi kwa sababu yanaweza kubadilishana kila kompyuta inapowashwa. Nimezitambua diski kwa namba zake za utengenezaji, zile zilizochapwa kwenye lebo, nikaziandika kwenye karatasi, kisha nikailinganisha karatasi na kilichoonyeshwa na lsblk mara mbili kabla ya kubonyeza kitufe. Mtu akiniona angedhani ninatia chumvi. Sidhani hivyo.

Kunakili nimekufanya kutoka kwenye mfumo wa flashi, si kutoka kwenye mfumo wenyewe ukiwa unaendeshwa. Mfumo ulio hai huandika muda wote, na nakala inayochukuliwa wakati huo huwa na mwanzo wa saa nne na mwisho wa saa nne na robo, vipande viwili vya nyakati mbili ambavyo huenda visipatane. Diski mpya nimeiunganisha kwa adapta ya USB 3. Kazi imechukua dakika 14, yaani zaidi kidogo ya MB 150 kwa sekunde. Baada ya hapo nimeendesha cmp, amri ya kulinganisha baiti kwa baiti, kwa idadi ileile ya baiti niliyoiandika jana. Haikutoa neno lolote, na kwa cmp ukimya ndio jibu zuri.

Siku ya 2, jioni

Nimefanya kosa ambalo nataka kulieleza kwa ukamilifu, kwa sababu halikutoa dalili yoyote.

Baada ya cmp nilitaka kuona kama nakala inawaka. Niliacha diski mpya kwenye adapta ya USB, diski ya zamani ikiwa bado ndani, nikawasha kompyuta, nikaingia kwenye menyu ya UEFI na kuchagua kwa mkono faili la kuanzishia lililo kwenye diski mpya. GRUB, programu ya kuanzishia, ikaja, mfumo ukaja, kwenye skrini kila kitu kikiwa mahali pake. Nilifurahi, nikaendelea na kazi zangu za kawaida kwa karibu saa nzima: nikaandika, nikahifadhi, nikapokea barua pepe.

Kisha, kwa bahati tu, nikaendesha findmnt ili kunakili mstari mmoja kwenye shajara hii, nikaona kwamba mfumo umepachikwa, yaani umefunguliwa kwa matumizi, kutoka sda2. Hiyo ni diski ya ndani. Ni ile ya zamani.

Sababu yake ni rahisi ukishaijua. GRUB haiiambii kerneli ifungue diski fulani. Inaiambia itafute patisheni yenye UUID fulani, yaani namba ya utambulisho. Namba hiyo imeandikwa ndani ya ext4 yenyewe, na dd, kwa uaminifu wake, iliinakili pamoja na vingine vyote. Kwa hiyo kompyuta ilikuwa na patisheni mbili zenye utambulisho mmoja, na kerneli ilichukua iliyoitangulia kuiona. Programu ya kuanzishia ilitoka diski mpya, mfumo ukatoka diski ya zamani. Wala df, inayoonyesha ukubwa na nafasi iliyobaki, isingenisaidia kutambua, kwa kuwa bado sijaipanua patisheni na ukubwa ulikuwa uleule pande zote mbili.

Hakuna kilichopotea, lakini saa moja ya kazi iko kwenye diski ambayo nilidhani imestaafu, na nakala niliyoithibitisha mchana haifanani tena na chanzo chake. Ninachokiogopa zaidi ni kile ambacho kingeweza kutokea kama ningesakinisha sasisho katika hali ile: mfumo wa diski moja na patisheni ya EFI ya diski nyingine, kila upande ukiwa na nusu ya kerneli mpya. Kwa mfumo wa mafaili wa Btrfs hatari ingekuwa kubwa zaidi, kwa sababu wenyewe hutumia utambulisho huo kuamua ni vifaa gani vinaunda kundi moja, na mapacha wawili huweza kuuchanganya hadi data iharibike.

Nimezima kompyuta na kuichomoa adapta. Kesho naanza upya kutoka dd.

Siku ya 3

Nimenakili tena, dakika 14 zilezile, na cmp imekaa kimya tena. Safari hii sikuwasha chochote ila flashi, na kazi zote zilizobaki nimezifanya kwa diski mpya pekee huku patisheni zake zikiwa hazijapachikwa.

Hatua ya kwanza ni jedwali la patisheni. GPT, aina ya jedwali linalotumika hapa, huweka nakala mbili za jedwali lake, moja mwanzoni mwa diski na nyingine katika sekta za mwisho kabisa. Baada ya dd, nakala ya pili ilijikuta karibu na GB 128, mbali sana na mwisho halisi, na jedwali lenyewe bado liliamini kwamba diski inaishia hapo. Amri ya sgdisk -e imeihamisha hadi mwisho wa kweli, na papo hapo nafasi yote mpya ikaonekana. Hili lilifanyika baada ya cmp kwa makusudi, kwa kuwa tangu hapo diski mbili hazilingani tena.

Kisha nimeifuta patisheni ya swapu. Nilifikiria kuiunda upya mwishoni mwa diski, nikaona kwamba nitakuwa nimeujenga tena ukuta uleule ambao leo naubomoa, nikaamua swapu iwe faili ndani ya mfumo. Anayelaza kompyuta kwa kuandika kumbukumbu yote ya RAM kwenye diski atahitaji mipangilio ya ziada kwa faili la swapu; mimi situmii njia hiyo, kwa hiyo uamuzi haukuwa mgumu. Patisheni ya pili nimeinyoosha kwa parted hadi mwisho, nikaukagua mfumo wa mafaili kwa e2fsck -f, na mwishowe nikaupanua kwa resize2fs. Hatua hizi mbili, ya patisheni na ya mfumo wa mafaili ulio ndani yake, watu wengi huzichukua kuwa moja. Ya kwanza husogeza uzio, ya pili hulima ardhi iliyoongezeka. Ukiishia kwenye ya kwanza, df itaendelea kukuonyesha GB zilezile za zamani.

Jambo moja dogo ambalo hesabu yake ni kubwa: ext4 kwa kawaida hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya mtumiaji mkuu, ili mfumo usikwame kabisa diski ikijaa. Kwenye diski ya GB 128 hizo zilikuwa GB 5 au 6. Kwenye diski ya TB 1 ni takribani GB 46 zinazokaa bure. Nimeishusha hadi asilimia 1 kwa tune2fs, kiasi ambacho bado ni zaidi ya mfumo wangu utakavyohitaji wakati wa dharura.

Mwisho wa siku nimelishughulikia suala la utambulisho. Ningeweza kuziacha namba jinsi zilivyo na kujiahidi kwamba sitaziunganisha tena diski mbili kwa wakati mmoja, lakini siku nitakayohitaji faili kutoka diski ya zamani nitaiunganisha, na siku hiyo huenda nisikumbuke. Upi ubadilishwe, utambulisho wa diski ya zamani au wa mpya? Nimechagua wa mpya, ingawa unaongeza kazi, kwa sababu diski ya zamani ndiyo shahidi wangu pekee na sitaki kuandika juu yake hata baiti moja. Nimeipa ext4 UUID mpya, nimeipa FAT32 namba mpya ya mfululizo, na kwa sgdisk -G nimezibadilisha namba za GPT za diski na za patisheni zake zote. Kisha nimepachika patisheni ya mfumo, nikaunda faili la swapu la GB 8 linalosomwa na mtumiaji mkuu peke yake, na kuisahihisha fstab, faili linaloorodhesha patisheni za kupachikwa, mstari kwa mstari.

Siku ya 4

Nimezima kompyuta, nimekata umeme na kuitenga betri, nimegusa chuma tupu ili kuondoa umeme tuli, kisha nimefungua skrubu nne za kishikio na kubadilisha diski. Kazi ya bisibisi imechukua dakika kumi.

Nilipowasha, skrini ilisema hakuna kifaa chenye mfumo.

Nilikaa kidogo kabla ya kugusa kitu, nikairudia orodha ya jana, na jibu lilikuwa ndani yake. UEFI huhifadhi kwenye kumbukumbu ya ubao mama orodha ya mifumo inayoweza kuanzishwa, na kila ingizo hutaja patisheni ya EFI kwa namba yake ya GPT. Namba hiyo niliibadilisha mwenyewe. Ubao mama ulikuwa ukimtafuta mtu kwa jina lake la zamani. Tena, hata kama ungeipata patisheni ile, GRUB ingekwama hatua moja mbele, kwa sababu ndani ya patisheni ya EFI kuna faili dogo la mipangilio linaloitaja UUID ya ext4, nayo pia nimeibadilisha. Jana niliisahihisha fstab nikaona nimemaliza, kumbe utambulisho wa diski umeandikwa mahali pengi zaidi ya hapo.

Dawa yake ni moja kwa matatizo yote mawili. Nimewasha kwa flashi, nikihakikisha kwamba yenyewe imewaka kwa njia ya UEFI na si kwa njia ya zamani ya BIOS, maana vinginevyo haiwezi kuandika kwenye orodha ya ubao mama. Nimepachika patisheni ya mfumo, ndani yake ya EFI, pamoja na dev, proc, sys na folda ya efivars, kisha nimeingia kwa chroot, amri inayofanya mfumo wa diski utumike kutoka ndani ya flashi. Humo nimeendesha grub-install nikiongeza chaguo la --force-extra-removable, ambalo huweka nakala ya programu ya kuanzishia katika njia ya EFI/BOOT/BOOTX64.EFI. Njia hiyo ndiyo ambayo UEFI huijaribu inapokosa ingizo lolote, na kama ningekuwa nayo tangu awali, angalau ningeifikia GRUB. Baada ya hapo nimeendesha update-grub.

Mfumo umewaka. Findmnt inaonyesha UUID mpya, na df inaonyesha takribani 915 badala ya zile mia moja na kitu. Nimefungua kimoja kimoja nilivyovihofia: funguo za SSH, nywila za kivinjari, hifadhidata ya kazi, mashine pepe mbili. Vyote vipo, na vyote vinafanya kazi.

Siku ya 5

Kompyuta inawaka, lakini inasita. Kati ya GRUB na ukurasa wa kuingilia kuna nusu dakika hivi ya skrini tupu ambayo haikuwepo. Katika ujumbe wa mwanzo nimeona kwamba initramfs, mfumo mdogo unaoitangulia mfumo kamili, inasubiri patisheni ya kurejeshea kumbukumbu, hadi inapokata tamaa na kuendelea. Inaisubiri ile swapu niliyoifuta: UUID yake imebaki katika faili la resume ndani ya folda ya initramfs-tools. Nimeandika RESUME=none, nimeijenga upya kwa update-initramfs, na kusitasita kumekwisha. Hapo ndipo pa mwisho nilipopajua palipoandikwa utambulisho wa zamani. Hata hivyo nimeitafuta namba yenyewe katika folda yote ya etc, na haipo tena isipokuwa ndani ya faili la chelezo nililoliacha mwenyewe.

Jambo la pili la leo ni TRIM, amri inayoiambia SSD ni bloku zipi hazina data tena. Kwa kuwa dd iliandika kila bloku, hata zile ambazo katika ext4 zilikuwa tupu, diski mpya iliamini kwamba GB 128 za kwanza zote zina data inayohitaji kulindwa. Adapta nyingi za USB haziipitishi amri hii, ndiyo maana niliisubiri hadi diski iwe ndani kwenye SATA. Nimeendesha fstrim kwa mkono mara moja, kisha nimeiwasha fstrim.timer ili ifanyike kila wiki.

Siku ya 12

Wiki nzima imepita bila kosa lolote katika kumbukumbu za mfumo. Jana usiku nimezima na kuwasha mara tano mfululizo, mara mbili kati ya hizo nikiwa nimeiunganisha diski ya zamani kwa adapta, na kila mara findmnt imeonyesha patisheni iliyokusudiwa. Ile diski ya zamani nimeipachika kwa kusoma tu, nikalinganisha folda yangu ya nyumbani na ya diski mpya, na tofauti zote zilizojitokeza ni kazi za wiki hii.

Sasa iko ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, na nimebandika karatasi yenye tarehe ya kunakiliwa na maneno "isifutwe". Itakaa hivyo mwezi mmoja. Baada ya hapo nitaifuta kwa blkdiscard badala ya kuandika sifuri juu yake, kwa kuwa SSD hubadilisha mahali inapoandika na kuandika juu hakugusi kila seli.

Leo asubuhi imekuja kerneli mpya. Imepakuliwa, imefunguliwa, imesakinishwa, na GRUB ikaiorodhesha.